Deni la Miezi Minne

Tulirudi Jumanne, siku isiyo na tamasha.
Andayi amening'iniza gitaa kwa mshipi wa leso kuukuu,
Shiundu amebeba ngoma moja tu, ile ndogo,
Naliaka mikono mitupu,
nami besi yangu, nyuzi nne, moja imeshika kutu.
Hatukuja na lori. Hatukuja na mtu wa taa.
Lori lilikuwa la wadhamini, na wadhamini
waliondoka na bango lao, jina letu likiwa juu yake.

Chumba kiko palepale, Kariobangi, nyuma ya karakana
ya Bi Ndunge anayechomelea mageti.
Mlango ni uleule, umepakwa buluu juu ya kijani,
lakini pale komeo linapokwaruza
kijani bado kinachungulia.
Ndani, magunia ya chakula cha kuku hadi darini.
Alitutazama kupitia kioo cheusi cha kofia yake,
hakuivua.
"Nyinyi," akasema, "mna deni langu la miezi minne."

Miaka kumi na mmoja, na hiyo ndiyo salamu.

Andayi akacheka, akagundua anacheka peke yake.
Tukachanga papo hapo, noti na sarafu,
simu ya Shiundu ikamalizia kilichobaki,
ujumbe ukalia mfukoni mwa mama, akausoma mara mbili.
Ndipo akasema: "Magunia hamishieni upande wa choo."

Nikwambie tulivyopotea? Hatukupotea.
Njia tuliijua kila siku tuliyoiacha.
Ilianza na kinanda kimoja, tukasema ni cha kujazia.
Kisha kompyuta, ipige yale yaliyochosha vidole,
kisha moshi wa mashine, Westlands, Ijumaa usiku,
watu wakinywa huku wametupa mgongo.
Siku moja Naliaka alipaliwa katikati ya ubeti
na ubeti ukaendelea.
Sauti yake iliimba bila yeye, safi, haina mate,
naye amesimama, ameshika koo.
Hakuna aliyegeuka.
Asubuhi alinyoa nywele zote, akanipigia:
"Mimi narudi kwa grinda."

Maana zamani hatukuwa na kifaa cha kulinganishia nyuzi.
Tulikuwa na jirani, fundi Mutisya, na grinda yake
iliyolia sauti moja tangu saa mbili hadi jua kuchwa.
Tulikaza nyuzi mpaka zikapatana nayo.
Nyimbo zetu zote za mwanzo
ziko katika ufunguo wa chuma.

Basi tukaketi juu ya magunia, vumbi la mahindi puani.
Mita ya stima ilisoma sifuri nukta nane.
Andayi akaanza ule wa kwanza, wa baba yake,
gitaa kavu la Maragoli, kidole gumba na cha shahada,
ule tuliouchanganya na roki hadi wapangaji wakapiga mabati.
Akaukosa. Akaanza tena. Akaukosa palepale,
kama mtu anayejikwaa kizingiti cha nyumba aliyozaliwa.
Vidole vyangu vilitoka malengelenge kabla ya kiitikio.
Shiundu alikwenda mbio, akingoja kompyuta imrudishe.
Naliaka akaokota chupa ya Fanta na kisu cha mkate,
akakwaruza, kwaru kwaru-kwa, kwaru kwaru-kwa,
hakuimba, alikwaruza tu,
mpaka Shiundu akapunguza mwendo
akamfuata kama ng'ombe anavyofuata chumvi.

Stima ikaisha. Amplifaya ikafa kwa kikohozi.
Tukaendelea; kwani kilibaki nini cha kuzimika?

Ng'ambo ya bati, grinda ikanyamaza.
Tukangoja sifa. Nakiri, ugonjwa huo bado tunao.
Mutisya akagonga bati kwa nyundo, mara mbili:
"Uzi wa pili umelegea.
Hata mwaka ule ulikuwa umelegea."

Kisha akaiwasha tena,
na Andayi, mvi kichwani, akainama
akaanza kukaza.